Kuyapima Mafundisho kwa Maandiko

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, twasoma habari za watu wa Beroya. Paulo mwenyewe aliwahubiri, nao wakampokea kwa moyo. Lakini kila siku waliyachunguza Maandiko, wapate kujua kama mambo aliyoyanena ndivyo yalivyo. Hawakulaumiwa kwa kumpima mtume, bali walisifiwa. Katika mwaka huu wa yubile yafaa tukumbuke jinsi kipimo hicho kilivyowafikia watu wa pwani yetu.

Hakikufika kwa siku moja. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, akikaa Mombasa, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Kisha huko Unguja Askofu Edward Steere alifasiri kitabu baada ya kitabu. Akafa mwaka 1882, wenzake wakaishika kazi, hata mwaka 1891 Biblia nzima ikapigwa chapa. Ndiyo miaka 47 tangu mwanzo wa Krapf.

Upande wetu, misioni ya Kijerumani ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, ikafika Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Vita vya 1914 hata 1918 vilipowaondoa wamisionari, walimu wenyeji ndio waliozichunga sharika. Mmoja wao, Martin Ganisya, alikuwa pia miongoni mwa waliomsaidia Karl Roehl kufasiri Biblia iliyotolewa nzima mwaka 1937. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, inayosomwa hata leo.

Kwa nini wazee hawakutosheka na Injili moja au mbili? Kwa sababu kipande si kipimo. Ibilisi naye alimjia Bwana wetu akiwa na Zaburi kinywani. Bwana hakuikataa Zaburi. Alimwonyesha kwamba imeandikwa tena neno jingine. Andiko hupimwa kwa Andiko.

Mji wetu ukakua. Palipokuwa mashamba na minazi, Kinondoni na Temeke, wakajaa watu wa kila kabila, na wahubiri wa kila namna. Tangu miaka ya 1980 ilivuma mihadhara ya hadhara, Waislamu na Wakristo wakishindana kwa aya. Wakristo wengi walifadhaika, si kwa kukosa Biblia nyumbani, bali kwa kutoijua.

Siku hizi jaribu limegeuka: laja kwa jina la Yesu mwenyewe. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya watu, nayo ikapita 400. Serikali ilieleza kwamba waliambiwa wafunge mpaka kufa, ili wamwone Bwana. Hao si watu wa mbali. Ni jirani zetu, na wengine ni watoto.

Basi tufungue Kitabu. Mafuta yamo katika Yakobo, mlango wa 5. Lakini hapo mgonjwa huwaita wazee wa kanisa, nao humwendea na kumwombea, mgonjwa hakimbizwi. Kufunga kumo katika Isaya, mlango wa 58; na saumu impendezayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula, wala si kumnyima mtoto. Na Mathayo, mlango wa 10, wanafunzi waliopewa bure waliagizwa watoe bure. Mhubiri anayeuza uponyaji na apimwe hapo. Hata akifanya ishara, Kumbukumbu la Torati, mlango wa 13, yatuonya kwamba ishara peke yake haimthibitishi nabii.

Ninyi walimu, msiogope kipimo hiki kikianza mimbarani petu. Mkristo akiuliza, "Imeandikwa wapi?" asihesabiwe mwasi, amefanya kazi ya Beroya. Mfungulieni mlango wote, msome pamoja, yaliyotangulia na yanayofuata. Jumuiya isiyozoea kuuliza nyumbani haitajua kuuliza uwanjani. Nasi tuliopewa Kitabu kizima kwa jasho la wengi, tusikubali kuongozwa kwa kipande. Mungu atujalie masikio ya kusikia, na macho ya kuchunguza.