Mti unaovuliwa gome na haufi: historia ya koki

Leo nimeleta historia ya kitu ambacho wengi wetu tumekishika mkononi bila kujua jina lake.

Mwezi uliopita kituo cha watoto ninapojitolea kilipokea boksi la vifaa vya kazi za mikono. Kulikuwa na rangi, gundi, mikasi midogo, na chini kabisa mfuko umejaa vipande vya kahawia, vyepesi kama mkate uliokauka. Upande mmoja laini, upande wa pili una makunyanzi kama mgongo wa mti. Mama anayepika uji pale akachukua kimoja, akakipima mkononi, akacheka: "Sasa wameanza kututumia kuni kutoka Ulaya?" Watoto wakaniuliza, "Kaka, hii ni nini?" Nikasema ni gome la mti. Mti gani? Nikakwama. Nikawaambia tutasoma kesho. Kiukweli hiyo kesho ilichukua wiki mbili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Hicho kitu kinaitwa koki. Siyo ile koki ya bomba la maji ambayo tunagombania foleni asubuhi, hapana. Wenzetu waliosoma Kifaransa kule Kongo wanaijua kwa jina la liège. Ni gome la aina moja ya mwaloni, ndugu wa ile mialoni tunayoisoma kwenye Biblia. Unaota kandokando ya Bahari ya Mediterania: Ureno, Hispania, Italia, kusini mwa Ufaransa, na huku kwetu Afrika uko Moroko, Algeria na Tunisia. Nchi inayoongoza ni Ureno, ya wale wale Wareno walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593. Karibu nusu ya koki yote ya dunia inatoka kwao.

Sasa sikilizeni ajabu ya huo mti. Miti mingi ukiibandua gome kuzunguka shina lote, inakufa. Huu haufi. Mafundi wanakuja wakati wa kiangazi na mashoka yao, wanachana gome kwa kipimo, wanalivua vipande vikubwa kama unavyomvua mtu koti. Shoka likiingia ndani mno, mti unaumia, ndiyo maana kazi hiyo hapewi mtu asiyejifunza. Shina linabaki jekundu, halafu taratibu linaanza kujivalisha gome jipya. Wanaandika kwa rangi kwenye shina tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, kwa mfano 4 kwa mwaka 2024, ili kila mtu ajue ulivuliwa lini. Sheria ya Ureno inataka ipite angalau miaka 9 kabla ya kuuvua tena. Na kuukata mti mzima bila kibali ni kosa.

Mavuno ya kwanza yanasubiri mpaka mti ufikishe kama miaka 25. Gome hilo la kwanza ni gumu na lina mabonde, halifai kwa vizibo vya chupa. La pili pia bado. La tatu ndilo linatoa vizibo vizuri. Pigeni hesabu: 25, ongeza 9, ongeza 9 tena, ni miaka 43. Lakini ukishafika hapo unaendelea kutoa kwa vizazi. Kuna mmoja maarufu uko kijiji cha Águas de Moura, Ureno, ulipandwa mwaka 1783. Mwaka 1991 peke yake ulitoa kilo 1,200 za gome, yaani vizibo zaidi ya 100,000 kutoka mti mmoja.

Watu walianza kuutumia zamani sana. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny, aliyeishi karne ya kwanza, aliandika kwamba gome hilo lilitumika kwa maboya ya nanga na ya nyavu za wavuvi, kwa kuziba mitungi, na kwa soli za viatu vya wanawake wakati wa baridi. Angalieni hiyo orodha: uvuvi, jikoni, viatu. Mambo ya watu wa kawaida kabisa.

Lakini kwa nini gome linaelea? Jibu lilianza mwaka 1665 London. Mwanasayansi Robert Hooke alichukua kisu kikali, akakata kipande chembamba cha koki na kukiweka chini ya hadubini. Akaona vijumba vidogo vidogo vimepangwa kama sega la nyuki. Alikadiria kwamba kipande cha inchi moja kila upande kina vijumba zaidi ya bilioni moja. Akaviita kwa neno la Kiingereza ambalo sisi leo tunalitamka seli. Ndiyo, ile seli ya somo la baiolojia tuliyokariri kwa ajili ya mtihani, jina lake lilitoka kwenye kipande cha koki! Hakuna mwalimu aliyeniambia. Vile vijumba vimejaa hewa, na kuta zake zina kitu kama nta kinachozuia maji kupita. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya koki ni hewa tu, iliyofungiwa isitoke.

Hapo ndipo niliacha kusoma kwa muda, kwa sababu nilikumbuka dumu.

Mimi nilivuka Ziwa Tanganyika usiku, nikiwa na miaka saba. Boti ilijaa kuliko uwezo wake na hapakuwa na jaketi la kujiokolea hata moja. Baba alichukua dumu tupu la lita tano, akakaza kifuniko, akanifunga nalo mgongoni kwa kitenge cha mama. Nililia nikidhani ananibebesha mzigo wa maji. Akaniambia, "Mwanangu, hili halina maji. Lina hewa, na hewa haizami." Baba hakusoma Hooke. Alikuwa mvuvi, na alijua.

Kumbe wavuvi wa Uingereza nao walisoma somo hilo kwa uchungu. Mwaka 1854 nahodha mmoja aitwaye Ward, wa chama cha boti za uokoaji, alibuni jaketi la vipande vya koki vilivyoshonewa kwenye kitambaa cha turubai. Tarehe 9 Februari 1861, mji wa Whitby ulipigwa na dhoruba. Waokoaji 13 waliingia baharini mara kadhaa siku ile kuokoa watu wa meli nyingine. Mwishowe boti yao ikapinduka, na 12 wakafa mbele ya macho ya watu wa mji. Akabaki mmoja, Henry Freeman. Yeye ndiye alikuwa amevaa jaketi jipya la koki. Nilipowasomea watoto habari hiyo walinyamaza. Wengi wao pia walipita majini.

Historia inaendelea mpaka kwenye soda. Mwaka 1892 Mmarekani William Painter wa Baltimore alipata hati ya kile kizibo cha bati chenye meno kuzunguka. Ndani yake kulikuwa na kiduara chembamba cha koki kinachozuia gesi isitoke. Baadaye plastiki ikachukua nafasi ya koki, lakini kizibo ni kile kile. Kwa hiyo ninyi mnaocheza drafti kwa vizibo vya soda pale chini ya mwembe, mnachezea mtoto wa koki.

Kwenye ujenzi nako imefanya kazi kubwa. Mwaka 1863 Mwingereza Frederick Walton alipata hati ya linoleamu, zulia gumu la sakafu, lililotengenezwa kwa unga wa koki na mafuta ya kitani. Mabaki ya koki yakisagwa na kugandamizwa kwa joto, yanatoka mabamba ya kuta na paa ambayo yanazuia joto na kelele. Pale Sintra, Ureno, kuna nyumba ya watawa ya mwaka 1560 ambayo vyumba vyake vilipigwa koki ukutani na milangoni kuzuia baridi na unyevu. Hata roketi za Marekani zilizorusha vyombo vya angani zilifunikwa sehemu fulani na koki, zisiungue. Sisi tunaolala chini ya bati na turubai tunaelewa thamani ya kitu kinachozuia joto.

Msidhani akili hiyo ni ya Ulaya tu. Wenzetu mlioko Uganda mnaujua mti wa mutuba. Baganda tangu zamani wanauvua gome wakati wa mvua, wanalitwanga kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa kitambaa, na shina wanalifunga majani ya mgomba lipone. Gome linarudi, na mti unavuliwa tena miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote.

Kwa nini nimeandika yote haya? Kwa sababu ya kuni. Hapa kambini si siri: dada zetu wanatembea mbali kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita, wenyeji wanakasirika, na kuna waliorudi bila kuni na bila panga, na majeraha juu. Sisemi tupande koki hapa, hali ya hewa ya kwao siyo ya kwetu. Ninachokiona ni kwamba ile miti ya Ureno haikulindwa na sheria peke yake. Ililindwa kwa sababu mti uliosimama una faida kuliko uliolala.

Nilipolisema hilo kwenye kikundi, rafiki yangu mmoja akaniuliza, "Nipande mti wa miaka 25 mahali ambapo sijui kama nitakuwepo mwezi ujao?" Sikuwa na jibu zuri. Ni swali la haki. Nilimwambia tu kwamba aliyepanda ule mti mwaka 1783 hakuona hata kizibo kimoja cha mwaka 1991. Na baba yangu aliponifunga dumu hakujua kama tutafika. Alilifunga tu, akakaza fundo. Rafiki yangu hakunijibu, lakini Jumamosi alikuja kwenye kitalu cha miche na kopo la maji.

Vile vipande tumevitumia. Watoto wamekata boti ndogo, zimeelea kwenye beseni. Vikubwa tumevigundisha kwenye ubao wa matangazo, pini zinaingia vizuri. Na yule mama wa uji amekuja kuomba kimoja, anakalishia sufuria ya moto. Safari hii hakusema ni kuni.

Ninyi kwenye kambi nyingine, kwenu kuna mti gani unaotoa kitu bila kukatwa? Uandikeni hapa na jina lake kwa lugha ya nyumbani, tujifunze wote.