Radio za zamani: namna ya kujua umri wake na kuirudishia sauti

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi, Bukavu na Kisangani kuna radio ya babu ambayo haisemi tena. Inakaa juu ya kabati na kitambaa juu yake, mpaka siku anapopita mnunuzi wa vyuma chakavu. Anaipima, anatoa franka chache, na chuma chake kinaishia kwenye tanuri. Hapo hakipotei chombo tu. Katika inchi ambamo habari nyingi kubwa zilifika kwa masikio kabla ya kufika kwa karatasi, radio ni shahidi. Lakini shahidi lazima atambulike kwanza: alizaliwa lini, na aliweza kusikia nini?

Historia yenyewe ni ndefu kuliko vile wengi wanavyofikiri. Mwaka wa 1937, Mapadri Wayesuiti wa Collège Albert huko Léopoldville walianzisha Radio Léo. Tarehe 1 Oktoba 1940, wakati Ubelgiji ilikuwa imekwisha kuvamiwa na Wajerumani, Radio Congo Belge ilianza kutangaza. Mwaka wa 1943 mtambo wa kilowati 50 uliwekwa Léopoldville ili sauti ya Wabelgiji iweze kufika hata Ulaya. Vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika vilikuja nyuma, mwaka wa 1949. Wakati huo radio ilikuwa mali ya watu wachache, na katika cité watu walikusanyika chini ya vipaza sauti vya serekali.

Ngambo ya mpaka wa Katanga, mambo yalichukua njia nyingine. Huko Lusaka, Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, aliona kwamba kutangaza bila watu kuwa na radio ni kazi bure. Aliomba viwanda vya Uingereza vitengeneze radio ya bei nafuu, inayotumia batri kwa sababu vijiji havikuwa na umeme. Kampuni ya Ever Ready ilikubali, na mwaka wa 1949 ikatoka radio ya duara yenye rangi ya buluu, ambayo mwili wake ulikuwa sufuria ya alumini isiyo na mikono. Iliitwa Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, na batri ilinunuliwa kando, ikidumu karibu saa 300. Lusaka ilitangaza pia kwa Kibemba, na mawimbi hayaombi ruhusa mpakani: aliyesikia Kibemba upande wa Katanga aliweza kufuata. Leo mtu anayeona sufuria ya buluu yenye vifungo viwili vitatu asiitupe jikoni.

Namna ya kutambua umri

Kosa kubwa ni kuamini hadithi ya familia bila kutazama chombo. Mara nyingi watu husema: “Radio hii ndiyo iliyotusikilizisha hotuba ya Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960.” Pengine ni kweli. Pengine ile ya 1960 ilikwisha kuuzwa na hii ilinunuliwa miaka kumi baadaye. Chombo chenyewe kinaweza kujibu.

Kwanza, fundi anatazama kibao cha nyuma. Kwa radio nyingi za Philips za baada ya vita, herufi ya mwisho ya namba inaeleza chakula chake: A ni umeme wa kawaida wa nyumba, U ni umeme wa aina zote mbili, B ni batri, T ni tranzista.

Pili, anafungua na kutazama lampi, zile taa za kioo zilizokuwa zikifanya kazi kabla ya tranzista. Katika majina ya Ulaya, herufi ya kwanza D ni lampi ya batri, E ni lampi ya volti 6.3, U ni lampi zinazofungwa kwa mfululizo katika radio isiyo na transfoma. ECH42 ni ya kizazi kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1940. ECH81, yenye pini 9, ni ya miaka ya 1950. Lampi inaweza kubadilishwa, lakini tundu lake ni vigumu kubadilishwa. Basi fundi mzuri anatazama tundu kuliko kutazama lampi.

Tatu, kioo cha stesheni. Léopoldville iliitwa Kinshasa, na Élisabethville ikaitwa Lubumbashi, mwaka wa 1966. Jina la zamani linaweza kuchelewa kwenye kioo, kwa sababu kiwanda hakibadili mchoro kila siku. Lakini jina jipya haliwezi kutangulia. Radio iliyoandikwa Kinshasa na kiwanda haikumsikia Lumumba.

Nne, tranzista. Radio ya kwanza ya tranzista kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwaka wa 1954. Kwa hiyo radio ya mkononi inaweza kabisa kuwa ilisikia uhuru, au tangazo la tarehe 24 Novemba 1965 kwamba jeshi limechukua madaraka. Haikusikia vita ya pili ya dunia.

Namna ya kuirudishia sauti

Kosa la pili ni kuichomeka kwenye umeme ili kuona kama inaimba. Baada ya miaka 40 ya ukimya, kondansata za karatasi zinavuja. Ile iliyo mbele ya lampi ya mwisho ndiyo ya kwanza kubadilishwa, kwa maana ikivuja inaua lampi hiyo na hata transfoma. Baadaye zinafuata zile kubwa za kusafisha umeme. Kisha fundi anahakikisha swichi ya volti haikubaki kwenye 110 wakati nyumba ina 220.

Mara ya kwanza, radio inaunganishwa pamoja na balbu ya zamani ya wati 60 au 100 kwa mfululizo. Balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani kuna kasoro na umeme unakatwa. Ikififia, kazi inaendelea. Radio yenye alama ya U inahitaji hofu zaidi: chuma chake cha ndani kinaweza kuwa na umeme wa ukutani, na anayekishika anaweza kufa. Hata iliyozimwa inaweza kubakiza umeme ndani ya kondansata.

Radio za lampi za batri mara nyingi ziliomba volti 90, na batri hizo haziko tena sokoni. Pile 10 ndogo za volti 9 zikipangwa kwa mstari zinatoa volti 90 hizo. Radio za tranzista nazo zina ugonjwa wao: ndani ya kikopo cha AF117 nywele nyembamba za bati huota na kugusa pasipofaa. Mara nyingine kukata mguu mmoja tu, ule wa kikopo, kunairudishia sauti.

Fundi mwenye akili hapaki rangi mpya na hatupi vipande vya zamani. Anavifunga katika bahasha na kuviacha ndani ya sanduku la radio, ili atakayefungua baadaye ajue nini ni cha kiwanda na nini ni cha fundi.

Kweli, radio nyingi za namna hii hazina bendi ya FM, na stesheni nyingi za muji leo zinasikika huko. Kwenye masafa mafupi stesheni zimepungua. Lakini usiku, waya mrefu ukifungwa kwenye mti, bado sauti za mbali zinafika.

Kazi moja haihitaji fundi wala pesa. Wazee walionunua radio hizo wanaondoka. Mtoto au mjukuu anaweza kuuliza leo: ilinunuliwa wapi, kwa mshahara wa kazi gani, nani alikuja kusikiliza, na habari gani iliwanyamazisha wote? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya radio, pembeni ya bahasha. Lampi inaweza kutafutwa hata ngambo. Jibu la mzee haliuzwi popote.