Mtawa wa Venezia aliyetetea hiari ya wanawake

Tunapofundisha juu ya wito twasema kila mara: Mungu huita, hamkamati mtu kwa nguvu. Maneno hayo ni mepesi kinywani. Lakini huko Italia, katika mji wa Venezia, alikuwako mtawa aliyeyatetea kwa kalamu, kwa sababu yeye mwenyewe alikamatwa.

Alizaliwa mwaka 1604, jina lake Elena Cassandra Tarabotti. Zamani zile mahari ya Venezia ilikuwa kinyume cha hii yetu: baba wa binti ndiye aliyetoa mali, tena nyingi mno. Monasteri nayo ilidai mahari, lakini ndogo kuliko ya ndoa. Basi baba mwenye mabinti wengi alipiga hesabu: mmoja aolewe, wengine waingie utawani, wapende wasipende. Elena alipelekwa angali kijana katika monasteri ya Mtakatifu Anna, ya Wabenedikto. Aliweka nadhiri mwaka 1623, akaitwa Arcangela, akakaa humo mpaka alipokufa mwaka 1652.

Tusidhani kwamba Eklezya iliamuru hivyo. Mtaguso wa Trento ulikwisha kusema mwaka 1563: anayemlazimisha mwanamke kuingia utawani atengwe na Eklezya. Amri ilikuwako; wazazi na wakubwa wa mji walijifanya hawaioni.

Arcangela alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu, kisha akaandika. Hoja yake kubwa ni hii: Mungu alimpa mwanamume na mwanamke hiari ileile; basi baba anayemnyang'anya binti hiari yake anachukua kitu ambacho Mungu mwenyewe hakukichukua. Tena aliwashitaki wanaume kwamba huwanyima wanawake elimu, halafu huwacheka kwa ujinga wao. Sisi wanaume tungemjibu nini?

Hakuuchukia utawa. Mwaka 1643 alichapisha kitabu cha kuwasifu watawa walioitwa kweli. Mwaka 1651 alikijibu neno kwa neno kijitabu kilichodai kwamba wanawake hawana roho. Lakini kitabu chake juu ya ukatili wa akina baba kilitoka mwaka 1654 tu, akiwa kaburini, kwa jina la kubuni. Baadaye Roma ikakitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Latuuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Orodha hiyo iliondolewa nguvu yake mwaka 1966.