Adui Ajaye Nyuma ya Maji

Mji wa New Orleans, katika nchi ya Marekani, umejengwa karibu na mahali mto Mississippi unapoingia baharini, na sehemu kubwa ya mji huo iko chini kuliko usawa wa bahari. Kwa hiyo wenyeji wake huishi nyuma ya kuta na matuta ya kuzuilia maji. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina iliupiga mji huo, matuta yakavunjika, na maji yakafunika kadiri ya sehemu nne katika tano za mji.

Habari za maji hayo zimesimuliwa sana. Lakini waliookoka walikutana na adui wa pili asiye na kishindo, naye ni koga. Mbegu za koga ni ndogo mno, nazo huelea hewani kila mahali, hata katika nyumba safi. Hungoja mambo mawili tu: unyevu na chakula. Zikivipata, huweza kuanza kuota katika muda wa siku moja au mbili.

Katika New Orleans zilipewa zaidi ya siku mbili. Kazi ya kuyatoa maji kwa pampu haikwisha mpaka tarehe 11 Oktoba. Muda huo wote maelfu ya nyumba yalikuwa yamefungwa, hayana umeme wala upepo, na joto lilikuwa kali. Tena, kuta za ndani za nyumba nyingi zilikuwa za vibao vya jasi vilivyovikwa karatasi, na karatasi ni chakula cha koga. Vibao hivyo vilinyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta, hata unyevu ukapanda juu ya alama ya mafuriko.

Mwezi wa Oktoba wachunguzi wa afya walikagua nyumba 112. Katika hizo, 51 zilikuwa na koga inayoonekana kwa macho, na katika 19 ilikuwa imeenea sana. Kwa kuwa koga huleta kikohozi na kuzidisha pumu, wenyeji walivaa barakoa, wakatupa magodoro na mazulia, wakabomoa kuta mpaka zikabaki nguzo tupu. Ndipo walipoziacha zikauke kabla ya kujenga tena.

Je, walikuwa wavivu? Hasha! Wengi hawakuwa na ruhusa ya kurudi makwao. Mwaka wa 2006 wahandisi wa jeshi walioyajenga matuta walikiri kwamba yalikuwa na kasoro. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa wa serikali, bali ukuta ulijengwa na raia.

Nasi masika yakituingizia maji nyumbani, tusingoje. Tufungue madirisha, tutoe nje siku ile ile kila kilicholowa, tukaushe sakafu na kuta. Wala tusipake rangi juu ya koga, kwani kuificha si kuiondoa.