Mtepe, Chombo Kilichoshonwa

Sisi watu wa Ndanai bahari tunaisikia tu. Chai ya Kericho na Bomet hushuka kwa lori hadi Mombasa, ikauzwa mnadani, ikapakiwa melini, na habari yetu na maji ya chumvi inaishia hapo. Lakini kuna chombo kimoja cha Pwani ambacho mama wa huku angekielewa upesi: mtepe.

Mtepe haukupigwa msumari. Mbao zilitobolewa matundu, zikashikizwa kwa vijiti, kisha zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, tangu omo hata tezi. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kama mkeka. Huku kwetu kibuyu cha mursik kikipata ufa hakitupwi. Kinashonwa, na maziwa yanarudi ndani. Akili ni ileile.

Tena si akili ya jana. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na kusema jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Zaidi ya miaka 1,800 baadaye, mitepe bado ilikuwa ikibeba boriti za mikoko kutoka Lamu. Ubora wake ni kwamba ulinepa: ukigonga mwamba haukupasuka upesi. Ubaya wake, ulivuja, na mshono ulitaka kurudiwa kila mara. Wafanyabiashara wakahamia majahazi ya misumari, na mwanzoni mwa karne ya 20 mtepe ukatoweka.

Zanzibar walipotaka kuuona tena, mwaka 2003, ilibidi waunde mpya kwa kufuata vielelezo vya zamani. Ukawekwa Beit al-Ajaib, ndani ya makumbusho. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka.

Sasa linganisha na mashua za Lamu. Kwenye tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa Novemba, zinashindana kwa tanga, na mabaharia wanakalia ubao uliotokeza nje ya chombo ili upepo usiupindue. Inapendeza, lakini si mashindano yanayoziweka hai. Mashua hizo zina kazi: mchanga, mawe, samaki. Ndiyo maana Matondoni bado kuna mafundi, na vijana wanaojifunza kwao.

Hapo ndipo nawageukia watu wangu. Jerikeni za plastiki zimejaa jikoni, kibuyu tunakitoa arusini, au uwanja wa ndege kumpokea mwanariadha aliyeshinda. Kitu kikishakuwa cha sherehe tu, fundi wake hana mteja, na asiye na mteja hafundishi mtu. Mtepe ulipita njia hiyohiyo. Wanaojua kushona kibuyu wangalipo. Tuwapelekee vibuyu vyenye nyufa, na watoto wa kuwatazama wakishona.