Rangi za Ufipa, Mikono ya Mbali

Maua mengi ya Afrika Mashariki yaliingia vitabuni kwa mikono ya watu ambao hawakuyaona yakiwa hai. Kati ya 1872 na 1875, Linnean Society ya London ilichapisha maelezo ya mimea aliyoikusanya James Augustus Grant katika safari yake na John Hanning Speke, kutoka pwani kupitia Tabora na Karagwe mpaka Mto Naili. Mchoraji alikuwa Walter Hood Fitch. Yeye alikuwa Uingereza, na mezani pake paliletwa maua yaliyobanwa kwenye karatasi, yakakauka na kugeuka rangi ya majani ya chai. Kutoka humo alitakiwa kuyafufua: petali ijikunje hivi, shina liiname vile. Alikuwa fundi, na umbo aliliweza. Rangi ndiyo iliyokuwa imebaki huku.

Kwetu Ufipa hali haikubadilika sana hata karne iliyofuata. Katika miaka ya 1950 Mary Richards, mwanamke kutoka Wales aliyekwishavuka miaka 60, alikuwa akikaa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, na kutoka huko alivuka mpaka kukusanya mimea kwenye uwanda wetu. Alikusanya maelfu kwa maelfu ya sampuli. Wakusanyaji wa aina yake walijua kwamba ua kavu hudanganya, kwa hiyo waliandika rangi kwenye lebo: njano, zambarau, nyeupe yenye mistari. Maneno mawili matatu, basi.

Sampuli za namna hiyo ndizo zilizojenga Flora of Tropical East Africa, kitabu kilichoandaliwa Kew na kutolewa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012. Ukikifungua utakuta Ufipa imewekwa ndani ya kanda inayoitwa T4, na michoro ni ya wino mweusi. Ni michoro mizuri ajabu, hata vinyweleo vya jani unaviona. Siwalaumu waliochora, maana mtaalamu anayetaka kutofautisha mmea na jirani yake anahitaji umbo kuliko rangi. Lakini mimi nimekulia Sumbawanga, na ninapotazama kurasa zile naona kama picha ya msiba wa mtu ninayemfahamu.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Picha za wapiga picha wa Zanzibar zilipogeuzwa kadi za posta mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zilichapwa Ulaya, na huko ndiko rangi ilikopakwa juu ya picha nyeusi na nyeupe. Mtu asiyewahi kuona kanga aliamua kanga iwe nyekundu. Mchezo wa kupaka rangi juu ya picha, kwa hiyo, ni wa zamani kuliko kompyuta.

Aliyefanya kinyume ni Joy Adamson, yule tunayemkumbuka kwa simba wake Elsa. Kabla ya simba, kazi yake Kenya ilikuwa kuchora maua. Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyekuwa mumewe wakati huo, ndiye aliyemtia moyo. Alichora kwa rangi za maji, ua likiwa bichi mbele yake, akikimbizana na kunyauka kwake.

Mimi sina mwendo wa Adamson, ndiyo maana napiga picha kwanza. Mvua zikishakolea, kati ya Desemba na Machi, napanda kuelekea milima ya Mbizi na simu. Nikirudi naifungua picha kwenye kishikwambi, ndani ya Krita, programu ya bure, naweka tabaka jipya juu yake na kuanza kupaka kwa kalamu. Tabaka la picha nalififisha kidogo kidogo mpaka linabaki la kuongoza umbo tu. Mwisho nalizima.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisibonyeze kichujio, picha igeuke mchoro kwa sekunde mbili. Jibu ni kwamba kichujio kinaiamini picha, na picha nayo hukosea. Ua jekundu sana hujaza kipimo chote cha wekundu cha kamera, mikunjo ya petali ikapotea, likabaki bonge moja kama nyanya. Zamani za filamu, baadhi ya maua ya buluu yalitoka na uwaridi, kwa sababu filamu ilinasa mwanga mwekundu wa mbali ambao jicho letu halioni. Kwa hiyo shambani, kabla sijang'oka pale, naandika kwenye daftari kile jicho linachoona. Ndiyo, naandika lebo kama Mary Richards. Tofauti ni kwamba anayeisoma jioni ni mimi mwenyewe.

Okidi ndizo zinazonipa haraka. Viazi vyake vya ardhini husagwa, vikachanganywa na karanga na kupikwa kuwa chikanda, chakula kipendwacho sana Zambia. Utafiti uliochapishwa na jarida la Oryx mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya viazi milioni 2 kwa mwaka vilikuwa vikivuka mpaka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Uwanda wa Ufipa hauna hifadhi ya namna hiyo, na anayechimba kiazi ameondoka na mmea mzima.

Mwaka juzi, kijijini chini ya Mbizi, nilimwonyesha bibi mmoja mchoro wa okidi niliyodhani nimeimaliza. Aliwahi kuchimba kwa misimu mingi, akisomesha watoto kwa fedha hiyo. Alikishika kishikwambi kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na uso.

"Hapa ndani, mjukuu wangu, umeacha. Kuna madoa, kama damu iliyokauka. Ukiinama unayaona."

"Bado yapo huko juu, bibi?"

"Tulikokuwa tunachimba, hapana. Labda upande wa pili wa kilima, kwenye majimaji."

Nilimpa kalamu. Alicheka kwanza, kisha akaweka madoa matano, moja moja, akinionyesha mahali pa kila moja.