Yanga: mji na bei ya uhuru wake

Mji mdogo wa Yanga umo katika jimbo la Veracruz, mashariki mwa Meksiko, si mbali na Córdoba. Ni nchi ya joto na mvua, iliyojaa mashamba ya miwa. Upande wa magharibi waonekana mlima Citlaltépetl, ambao Wahispania waliuita Orizaba, wenye kimo cha mita 5,636 na theluji kileleni. Njia kuu ya kutoka bandari ya Veracruz kwenda jiji la Mexico ilipita katika eneo hilo, na misafara ya nyumbu iliyobeba mali ya mfalme ilikuwa windo jepesi kwa waliojificha milimani.

Waliojificha walikuwa watumwa watoro. Kati ya 1580 na 1640 Ureno na Hispania zilitawaliwa na mfalme mmoja, na wafanyabiashara wa Kireno walishusha Veracruz maelfu ya mateka, wengi wao wakiwa wamepakiwa Luanda, kutoka nchi za Angola na Kongo. Hata hivyo kiongozi wa watoro, Yanga, hakutoka huko. Padri Mjesuiti Juan Laurencio, aliyefuatana na jeshi la Wahispania, aliandika kwamba mzee huyo alikuwa wa taifa la Bran, yaani Afrika Magharibi, na kwamba alikuwa ameishi huru kwa miaka 30. Mwangola alikuwa jemadari wake, Francisco de la Matosa.

Jeshi hilo liliondoka Puebla Januari 1609, likiongozwa na Pedro González de Herrera. Kijiji lililokikuta kilikuwa na nyumba zipatazo 60. Wakazi wake walikuwa wamekaa pale miezi tisa tu, lakini tayari walikuwa wamepanda mahindi, maharagwe, pamba, viazi vitamu, tumbaku na miwa. Hao hawakuwa wanyang'anyi watupu, kama watawala walivyopenda kuwaita. Walikuwa wakulima waliolinda mashamba yao. Kijiji kilitekwa, watu wakatawanyika msituni, na vita havikumpa yeyote ushindi kamili.

Yalibaki mazungumzo, na masharti ya Yanga yanastahili kusomwa polepole. Alidai mji wenye baraza lake, yeye akiwa gavana na wanawe baada yake. Mhispania yeyote asilale humo, ila aje siku za soko. Na huduma ya kanisa iwe mikononi mwa Wafransisko peke yao. Waliotoroka kabla ya Septemba 1608 wawe huru. Waliotoroka baadaye warudishwe kwa mabwana wao, na watu wa Yanga walipwe kwa kuwakamata.

Córdoba ilianzishwa 1618, kwa sehemu ili kuilinda njia ile. Mji wa watoro ulitambuliwa rasmi 1630, ukaitwa San Lorenzo; jina la Yanga ulilipata 1932, baada ya mwandishi Vicente Riva Palacio kuifufua habari hii katika karne ya 19. Wenyeji huuita mji huru wa kwanza wa Amerika. Sifa hiyo ina ubishi, kwani watoro wa Panama walipata mapatano ya namna hiyo kabla ya 1585. Lile sharti la kukamata watoro wapya nalo halikufa na Yanga. Watoro wengine wa milima hiyohiyo walipopewa mji wao wa Amapa mwaka 1769, walilikubali vilevile.